Mstari wa Kuanzia: Mjadala juu ya Wanafunzi Waliobadili Jinsia katika Michezo ya Shule Marekani

Mwanasheria: Mzizi wa ubishi huu ni sheria ya elimu ya mwaka 1972, maarufu kama Sura ya Tisa, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu ya Marekani. Kanuni zake za mwaka 1975 ziliruhusu shule kuwa na timu mbili, ya wavulana na ya wasichana, pale wachezaji wanapochaguliwa kwa ushindani au mchezo unapokuwa wa kugongana miili. Neno "jinsia" halikufafanuliwa, kwa kuwa wakati ule haja ya kulifafanua haikuonekana. Machi 2020 jimbo la Idaho lilikuwa la kwanza kulifafanua kwa sheria ya michezo: timu za wasichana, kuanzia shule za msingi hadi vyuo vya umma, zikafungwa kwa kila mwanafunzi aliyezaliwa mwanamume. Katika miaka mitano iliyofuata, zaidi ya majimbo 25 yaliweka marufuku ya namna hiyo. Mengine yameshika njia tofauti. California, kwa mfano, tangu 2013 ina sheria inayomruhusu mwanafunzi kucheza kwa kufuata jinsia anayojitambua nayo. Anayebishaniwa hasa ni msichana aliyebadili jinsia, yaani mwanafunzi aliyeandikishwa mwanamume alipozaliwa, lakini anajitambua na kuishi kama msichana.

Mtetezi wa sheria: Timu ya wasichana haikuanzishwa kwa sababu wasichana wanajitambua tofauti na wavulana. Ilianzishwa kwa sababu miili yao, ikishabalehe, haikimbii wala hairuki sawa na ya wavulana. Katika mwaka wa masomo 1971–72, wasichana waliochezea timu za sekondari Marekani hawakufika 300,000. Leo wamepita milioni tatu. Hesabu hiyo isingepanda kama shule zingekuwa na timu moja na kumwambia kila mtu aje ajaribu bahati yake. Kutenganishwa ndiko kulikowapa wasichana namba kikosini, medali, na baadaye ufadhili wa masomo chuoni. Mwili ukiacha kuwa kigezo, sababu ya kuwa na timu mbili nayo imekwisha.

Mpinzani wa sheria: Historia hiyo ni ya kufungua mlango, na sasa inatumiwa kuufunga. Machi 2022 gavana wa Utah, Spencer Cox, ambaye ni wa chama cha Republican, aliukataa mswada wa aina hii kwa kura ya turufu. Katika barua yake alitoa hesabu: kati ya vijana 75,000 wa sekondari wanaoshiriki michezo katika jimbo lake, waliobadili jinsia walikuwa wanne, na aliyecheza upande wa wasichana ni mmoja tu. Siku chache baadaye bunge la jimbo liliitengua kura yake. Desemba 2024 mkuu wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, aliwaambia maseneta kwamba kati ya wanamichezo 510,000 anawajua waliobadili jinsia wasiofika 10. Utah ilitunga sheria ya jimbo zima, na aliyeguswa, kwa hesabu ya gavana mwenyewe, ni mtoto mmoja.

Mtetezi wa sheria: Uchache si hoja mbele ya saa ya mwamuzi. Fainali ya mbio fupi ina njia nane, na jukwaa la washindi lina nafasi tatu. Connecticut, kati ya 2017 na 2019, wanariadha wawili waliobadili jinsia walitwaa mataji 15 ya jimbo katika mbio za wasichana. Kwa kila taji, kuna msichana aliyeshushwa ngazi moja, na kuna mwingine aliyekosa fainali ambaye jina lake halikuandikwa popote. Aliyeshika nafasi ya tisa hapati faraja kwa kuelezwa kwamba aliyemzibia njia ni mmoja tu katika jimbo.

Mpinzani wa sheria: Habari ya Connecticut ina nusu ya pili. Februari 2020, siku chache baada ya wasichana kadhaa kufungua kesi wakidai hawawezi kushinda, mmoja wao alimpita mmoja wa wale wawili katika fainali ya jimbo ya mita 55. Huko Idaho, mwanafunzi aliyeishtaki serikali alitaka kukimbia katika timu ya wanawake ya chuo kikuu cha Boise State. Mahakama ilipoisimamisha sheria kwa muda, alikwenda kujaribiwa na hakufikisha kasi iliyotakiwa. Kuzaliwa mwanamume hakukumpatia hata jezi. Michezo imejaa tofauti za kuzaliwa nazo: mchezaji mrefu wa kikapu, mwogeleaji mwenye mikono mirefu, mkimbiaji aliyekulia nyanda za juu. Hakuna jimbo lililotunga sheria ya kumzuia msichana kwa sababu ya kimo chake.

Mtetezi wa sheria: Kimo hakikuundiwa kitengo, jinsia imeundiwa. Miongoni mwa wakimbiaji bora duniani, pengo kati ya wanaume na wanawake ni asilimia 10 hadi 12, na katika kuruka na kunyanyua vyuma linazidi hapo. Testosteroni ya wanawake walio wengi haifiki nanomoli 2 kwa lita, ilhali ya wanaume huanzia kama 8 na hupanda hadi 29. Viwango hivyo viwili havikutani katikati. Tena, kushindwa siku moja hakubatilishi kitengo. Bondia mzito akipigwa na mwepesi, kipigo hicho hakimpi haki ya kuhamia uzani mwepesi.

Mpinzani wa sheria: Hoja yote hiyo imesimama juu ya neno moja: balehe. Kabla ya balehe, pengo la mbio kati ya wavulana na wasichana ni dogo. Lakini sheria ya Idaho inaanzia shule ya msingi. West Virginia ilipopitisha ya kwake mwaka 2021, iliyemkuta ni mwanafunzi wa miaka 11, anayetajwa mahakamani kwa herufi B.P.J., aliyetaka kukimbia mbio za nyika na wenzake. Alipewa dawa za kuzuia balehe, kwa hiyo hakupitia balehe ya kiume. Sheria haikujali hilo. Kama tatizo ni testosteroni, sheria ingeuliza testosteroni. Inachouliza ni alizaliwaje.

Mtetezi wa sheria: Kigezo cha homoni kilishajaribiwa. Kuanzia mwaka 2011, NCAA ilimtaka mwanamke aliyebadili jinsia apunguze testosteroni kwa mwaka mmoja kabla ya kushindana na wanawake. Lia Thomas, mwogeleaji wa chuo kikuu cha Pennsylvania, aliyatimiza masharti ya wakati wake, na Machi 2022 akawa bingwa wa taifa wa vyuo katika yadi 500 mtindo huru. Uchunguzi wa kumbukumbu za askari wa Jeshi la Anga la Marekani, uliochapishwa 2020, ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili ya homoni, wanawake waliobadili jinsia walilingana na wanawake wenzao katika pushapu, ila katika mbio za maili moja na nusu bado walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 12. Hemoglobini hushuka ndani ya miezi michache, lakini kimo na mifupa havirudi nyuma. Kuhusu watoto, sheria inayosema "zuia balehe ndipo ucheze" ingemsukuma mtoto kwenye dawa kwa ajili ya jezi. B.P.J. mwenyewe baadaye aligeukia tufe na kisahani, akafika mashindano ya jimbo.

Mpinzani wa sheria: Askari hao walikuwa watu wazima waliobalehe kama wanaume kabla ya kuanza homoni. Matokeo yao hayawezi kuwa ushahidi dhidi ya mtoto ambaye balehe hiyo hakuipitia. Na kama kufika mashindano ya jimbo ni hatia, basi msichana huyu anaruhusiwa kucheza kwa sharti la kutofanya vizuri. Akishindwa, anatajwa kuwa mfano wa uvumilivu. Akishinda, ushindi wake unageuzwa ushahidi.

Kocha: Kuna jambo ambalo pande zote mbili zinalipita haraka: nani anakagua, na anakagua nini. Sheria ya Idaho, kama ilivyoandikwa mwanzo, ilisema jinsia ya mchezaji ikibishaniwa, daktari aithibitishe kwa viungo vya uzazi, kwa testosteroni ya mwili wenyewe, au kwa vinasaba. Anayeweza kubishiwa ni msichana yeyote. Utah, mwaka 2022, wazazi wa wasichana walioshika nafasi ya pili na ya tatu walimlalamikia aliyewashinda. Chama cha michezo cha shule kikapekua kumbukumbu zake za masomo hadi chekechea, na kila karatasi ikaonyesha kwamba alikuwa msichana tangu mwanzo. Hakuwa amebadili chochote. Kosa lake lilikuwa kushinda kwa mbali. Kocha aliyeajiriwa kufundisha namna ya kutoka kwenye mstari anajikuta amepewa kazi ya upelelezi.

Mtetezi wa sheria: Huo ni utekelezaji mbovu, na dawa yake ni utaratibu bora. Cheti cha kuzaliwa kinachotolewa wakati wa kujiandikisha kinatosha kwa shule nyingi. Ngazi ya juu nayo imekwishapata njia isiyomvua mtu nguo: tangu Septemba 2025, shirikisho la riadha la dunia linamtaka kila anayetaka kushindana na wanawake katika mashindano yake ya dunia apimwe mara moja maishani jeni ya SRY, kwa kupanguswa ndani ya shavu au kutolewa damu. Kigezo kikijulikana mapema, malalamiko ya wazazi yanakosa pa kushika.

Mpinzani wa sheria: Afrika Mashariki imekwisha kuona vigezo vya namna hiyo vinakoishia. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, jukwaa la mita 800 za wanawake lilikuwa na Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Hakuna kati yao aliyebadili jinsia. Wote walilelewa kama wasichana na kukimbia kama wasichana. Kanuni za testosteroni zilizotangazwa 2018 ziliwataka wapunguze homoni za miili yao wenyewe au waache mbio hizo. Niyonsaba alihamia mbio ndefu. Wambui hakupata pa kuhamia. Mstari uliopigwa kwa jina la kuwalinda wanawake uliwatoa wanawake watatu waliokuwa jukwaani.

Mwanasheria: Mambo mawili hapo yasichanganywe. Mtu mwenye jinsia tata, au huntha, amezaliwa na maumbile yasiyoangukia moja kwa moja upande mmoja; Kenya ilihesabu watu 1,524 wa namna hiyo katika sensa ya 2019. Aliyebadili jinsia kwa kawaida alizaliwa na maumbile bayana, ila hajitambui kwayo. Sheria za majimbo ya Marekani zilitungwa kwa ajili ya kundi la pili, lakini kipimo cha jeni hakijui kilitungiwa nani.

Mahakamani, swali limechukua njia mbili. Ya kwanza ni Sura ya Tisa. Mwaka 2020, katika kesi ya Bostock, Mahakama ya Juu iliamua, kwa sheria ya ajira, kwamba kumfukuza mtu kazi kwa kuwa amebadili jinsia ni ubaguzi wa kijinsia. Aprili 2024 mahakama ya rufaa ilimpa B.P.J. ushindi kwa kuiegemea Sura ya Tisa. Njia ya pili ni Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayoahidi kinga sawa ya sheria. Juni 2025, katika kesi ya Skrmetti, Mahakama ya Juu iliiacha sheria ya Tennessee inayokataza dawa za kuzuia balehe na homoni kwa watoto waliobadili jinsia, ikisema inatofautisha watu kwa umri na kwa matumizi ya dawa. Sheria za michezo haziwezi kujificha hapo, kwa sababu zinaitaja jinsia waziwazi. Jimbo linalotenga watu kwa jinsia hutakiwa kuonyesha kwamba utengano huo una uhusiano wa dhati na lengo muhimu. Kinachobaki kubishaniwa ni kama uhusiano huo upimwe kwa walio wengi au kwa kila mtu mmoja mmoja.

Mtetezi wa sheria: Sheria hupimwa kwa walio wengi, la sivyo hakuna sheria. Umri wa kupiga kura ni miaka 18, ingawa yupo kijana wa 16 mwenye busara kuliko baba yake. Hakuna mahakama inayomfanyia usaili.

Mpinzani wa sheria: Kijana wa miaka 16 akingoja, atafika 18. Msichana huyu hata akingoja hadi amalize shule, zamu yake haitafika.

Mtetezi wa sheria: Hajazuiwa kucheza. Timu ya wavulana iko wazi kwake, na katika majimbo mengi iko wazi kwa mwanafunzi yeyote. Kinachokataliwa ni kitengo kimoja, na kila kitengo hukataa mtu. Aliyefikisha miaka 20 hachezi na wa chini ya miaka 17, na hakuna anayeita hilo tusi.

Mpinzani wa sheria: Mlango ambao mtu hawezi kuupita bila kujikana hauhesabiki kuwa wazi. Anayeishi kama msichana darasani, nyumbani na kwa rafiki zake, kisha akaambiwa avae jezi ya wavulana na aingie chumba chao cha kubadilishia nguo, katangazwa mbele ya shule nzima. Wengi watachagua kukaa nyumbani. Shule haifundishi michezo ili kuzalisha mabingwa. Walio wengi hawatapanda jukwaa lolote. Inafundisha ili mtoto ajue kuamka alfajiri, kupokezana kijiti na kushindwa bila kununa. Faida hizo hazigawanywi kwa saa ya mwamuzi.

Mtetezi wa sheria: Haya yote ni mahitaji ya wasichana wengine pia. Chumba cha kubadilishia nguo ni chao nao, na faragha yao haipungui uzito kwa sababu mwenzao anaumia. Na kama ushindi hauna maana shuleni, basi hauna maana kwa pande zote mbili, wala kesi zisingefika mahakamani. Wanaotafuta ufadhili wa chuo wanajua kwamba sehemu ya kumi ya sekunde inaweza kuwa ada ya miaka minne.

Kocha: Hapo ndipo njia za kati zinapojaribiwa, kwa kuwa mbio za watoto wa darasa la nne na fainali ya jimbo si kitu kimoja. Ipo rai ya kuwaacha wadogo wacheze pamoja na kuweka masharti kuanzia ngazi ya mashindano. Utah iliandaa njia ya akiba: sheria ikisimamishwa na mahakama, tume ndogo ipime ombi la kila mwanafunzi peke yake. Ilisimamishwa kweli, Agosti 2022, na tume ikachukua nafasi yake. California, Mei 2025, ilijaribu jambo jingine katika fainali za riadha za jimbo: msichana aliyekosa nafasi kwa sababu ya mshindani aliyebadili jinsia aliongezewa nafasi, na medali ikatolewa kwa wote wawili. Wanariadha wawili wakasimama kwenye ngazi moja ya jukwaa. Ipo pia rai ya kitengo cha tatu. Wambui mwenyewe aliitoa mwaka 2021 kwa ajili ya walio kama yeye.

Mpinzani wa sheria: Kitengo cha tatu chenye mtu mmoja katika jimbo ni kukimbia peke yako. Tume nayo inamfanya mtoto ajadiliwe mwili wake na watu wazima asiowajua. Ya California ina nafuu, maana haikumtoa mtu, ingawa ilimwambia mshindi kwamba ushindi wake ni nusu.

Mtetezi wa sheria: Ya California ilikiri kilichokuwa kikikanushwa. Kama hakuna aliyenyang'anywa nafasi, nafasi ya ziada ililetwa kumfidia nani? Zaidi ya hapo, medali inaweza kutolewa mara mbili. Mchezo wa timu hauna namba ya ziada uwanjani. Na katika michezo ya kugongana, suala si medali tena bali mwili wa anayegongwa. Shirikisho la raga la dunia liliwazuia wanawake waliobadili jinsia tangu 2020 kwa sababu hiyo hasa.

Kocha: Hata hivyo, maamuzi haya yanazidi kutoka mikononi mwa shule. Februari 5, 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kuzinyima fedha za serikali kuu shule zinazowaruhusu wasichana waliobadili jinsia kwenye timu za wasichana, na kesho yake NCAA ikabadili kanuni zake. Jimbo la Maine lilipokataa kufuata, Wizara ya Kilimo ya serikali kuu ilizuia fedha zake, zikiwemo zinazosaidia chakula cha shule, hadi hakimu alipoamuru mwezi Aprili zirejeshwe. Mtoto anayekula chakula cha mchana shuleni aliingizwa kwenye ugomvi wa mbio asizokimbia.

Mpinzani wa sheria: Wale wale waliosema kila jimbo liamue lenyewe sasa wanalikamata jimbo kwa mfuko wa fedha.

Mtetezi wa sheria: Mfuko huo haukuanza kushikwa mwaka 2025. Aprili 2023 serikali ya Rais Biden ilipendekeza kanuni ambayo ingezizuia shule zinazopokea fedha hizo kuweka marufuku ya jumla, hata mahali ambapo bunge la jimbo limeitaka. Kanuni hiyo iliondolewa Desemba 2024 bila kuanza kutumika, lakini ilikuwa imesimama juu ya sheria ile ile ya 1972.

Mwanasheria: Hivyo andiko moja la 1972 limesomwa na serikali moja kuwa linakataza marufuku, na iliyofuata ikalisoma kuwa linaiamuru. Kesi mbili ambazo Mahakama ya Juu ilikubali Julai 2025 kuzisikiliza, ya Idaho na ya West Virginia, zinauliza jambo jembamba kuliko yote mawili: je, Katiba na Sura ya Tisa zinalizuia jimbo kugawa timu kwa jinsia ya kuzaliwa? Jibu likiwa ndiyo, marufuku za majimbo zaidi ya 25 zinatikisika. Jibu likiwa hapana, maana yake ni kwamba jimbo linaweza kupiga marufuku. Haimaanishi kwamba lazima lipige. California haikuwa mshtakiwa katika kesi hizo. "Linaweza" na "lazima" ni maswali mawili, na la pili linahitaji kesi yake. Mpaka hapo, mwanafunzi anayehama na wazazi wake kutoka Idaho kwenda California anabadilishiwa timu njiani, na mwili wake ni ule ule uliopanda gari.